Gari Likizimika Njiani: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Gari linalozimika kati ya Bunda na Musoma mara nyingi huwa limekwisha kutoa taarifa kabla ya safari kuanza. Taa nyekundu iliyowaka kwa muda mfupi, tone la maji chini ya injini asubuhi, harufu ya mpira unaoungua au pedali ya breki inayozama kuliko kawaida ni dalili ambazo, zikipuuzwa, huwaacha abiria kando ya barabara. Baadaye mmiliki huweza kulipia vipuri ambavyo havikuwa na hitilafu yoyote.

Suala hili lina uzito katika Mkoa wa Mara. Barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari hupita Bunda, Kiabakari na Makutano kabla ya kuvuka Mto Mara katika Daraja la Kirumi. Kutoka Makutano, njia moja huelekea Musoma mjini na nyingine Butiama, kisha Nata na Mugumu. Kusini mwa Bunda, barabara hupita jirani na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Gari lililokwama huko usiku huhatarisha waliomo na madereva wanaokuja nyuma kwa mwendo.

Usalama hutangulia uchunguzi

Dereva anayehisi hitilafu anapaswa kulitoa gari barabarani mapema, likiwa bado lina nguvu ya kusogea. Baada ya hapo huwasha taa za hazadi, huvuta breki ya mkono, huweka kizuizi kwenye gurudumu na kusimamisha pembetatu za kuakisi mwanga kwa umbali unaompa dereva mwingine nafasi ya kupunguza mwendo. Matawi ya miti na mawe si mbadala wa pembetatu, kwani usiku hayaonekani mapema, na mawe yanayosahauliwa barabarani husababisha ajali nyingine. Abiria hushuka kwa upande usio na magari na kusimama mbali na lami. Panapotokea hatari, namba 112 ni ya Polisi na 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Gari lisilowaka

Kosa la kawaida ni kuchukua dalili kuwa ndiyo chanzo. Gari likikataa kuwaka asubuhi, wengi hukimbilia kununua betri mpya. Baada ya siku chache hitilafu hurudi, kwa sababu betri haikuwa na tatizo, bali alteneta haikuwa ikiichaji.

Kipimo kidogo cha umeme huweza kuondoa ubishi huo. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Ikisoma karibu na 12.0, imekaribia kuisha chaji. Injini ikishawaka, kipimo kwa kawaida hupanda na kuwa kati ya volti 13.8 na 14.5. Kisipopanda, uchunguzi huelekezwa kwenye alteneta, mkanda wake na nyaya. Taa yenye picha ya betri inayowaka gari likitembea nayo humaanisha kwamba uchaji umekatika, hata kama betri yenyewe ni mpya.

Sauti pia husaidia. Mlio wa haraka unaojirudia ufunguo unapozungushwa huashiria chaji ndogo au vichwa vya betri vilivyolegea au kuota kutu. Mlio mmoja mzito usiofuatwa na mzunguko wa injini huelekeza kwenye stata au nyaya zake. Injini ikizunguka vizuri lakini isiwake, betri na stata zinafanya kazi. Kinachokosekana aghalabu ni mafuta au, kwa injini ya petroli, cheche za plagi. Hapo fundi hukagua fyuzi, pampu ya mafuta, plagi na koili, akianza na kilicho rahisi kufikika.

Injini inayochemsha

Mshale wa joto ukipanda, dereva hupaswa kuzima kiyoyozi na kusimama mahali salama mara moja. Kuendelea hata kwa kilomita chache kunaweza kupindisha silinda hedi na kuunguza gasketi yake, matengenezo yenye gharama kubwa kuliko mpira wa maji uliopasuka.

Mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Ndani yake maji yapo chini ya shinikizo, na shinikizo hilo ndilo linaloyazuia kuchemka hata yakizidi nyuzi joto 100. Usawa wa Ziwa Victoria ni takriban mita 1,134 juu ya bahari, hivyo katika fukwe za Musoma maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko uliochoka, usioweza kutunza shinikizo, unatosha kulifanya gari lichemshe mlimani ingawa rejeta ni nzima. Vilevile, kumwaga maji baridi kwenye injini yenye moto mkali huweza kupasua chuma. Ni lazima injini ipoe kwanza.

Baadhi ya magereji huondoa themostati kama tiba ya kuchemsha. Hatua hiyo haigusi chanzo. Themostati huisaidia injini kufikia joto lake la kazi na kubaki hapo. Bila hiyo, injini huweza kufanya kazi ikiwa baridi, ikatumia mafuta mengi na kuchakaa mapema. Linalopaswa kuchunguzwa ni uvujaji, feni, pampu ya maji, uchafu ndani ya rejeta na mfuniko wake. Maji ya kawaida hufaa kwa dharura pekee. Baadaye mfumo hurudishiwa kipozeo, ambacho mafundi hukiita kulanti, kwa kuwa huzuia kutu.

Moshi, matone na breki

Moshi mweusi humaanisha mafuta mengi kuliko hewa, na katika barabara za vumbi za vijijini chujio la hewa lililoziba ni la kwanza kukaguliwa. Moshi wa bluu huonyesha oili inayoungua ndani ya injini. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata joto, huku maji ya rejeta yakipungua, huashiria gasketi iliyoungua.

Karatasi safi iliyotandikwa chini ya gari usiku kucha hueleza mengi. Maji yasiyo na rangi chini ya kiyoyozi ni ya kawaida. Rangi ya kijani au waridi aghalabu ni kulanti, kahawia au nyeusi ni oili ya injini, na nyekundu yenye utelezi huweza kutoka kwenye gia boksi au usukani.

Breki haziahirishwi. Pedali laini huashiria hewa au uvujaji, na gari linalovutwa upande mmoja likifungwa breki huenda lina pistoni iliyokwama. Gari lenye dalili hizo huvutwa hadi gereji, haliendeshwi.

Taa za dashibodi na mashine ya uchunguzi

Taa nyekundu ya shinikizo la oili hudai kuzima injini papo hapo. Taa ya njano ya injini hudai uchunguzi wa karibuni. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari hutoa namba ya hitilafu, lakini namba hiyo hutaja mzunguko wenye tatizo. Haithibitishi kuwa kifaa fulani kimekufa. Namba inayohusu sensa huweza kusababishwa na waya uliokatika au hewa inayopenya kwenye bomba. Kufuta namba bila kuondoa chanzo ni kuahirisha tatizo.

Mteja mwenye maelezo sahihi

Dereva humsaidia fundi anapoeleza lini hitilafu hutokea: injini ikiwa baridi au ya moto, mlimani au tambarare, baada ya mvua au baada ya kujaza mafuta. Ana haki pia ya kuuliza ni kipimo gani kimeonyesha kuwa kipuri kibadilishwe, na ya kuonyeshwa kile cha zamani. Kwa upande wa mafundi, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hutoa mafunzo ya ufundi magari, pamoja na utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unaowafaa waliojifunzia kazi chini ya mwembe.

Kabla ya safari, dakika 10 zinatosha kukagua oili, maji, mafuta ya breki, mikanda, taa, upepo wa matairi yakiwa baridi na tairi la akiba. Tarakimu nne za mwisho katika namba ya DOT ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anayelitazama gari lake kila asubuhi hutambua mapema kilichobadilika, na hufika kwa fundi kabla gari halijamwacha njiani.