Je, Wajua? Kompyuta ya Nyumbani: ya Kazi au ya Gemu?

Je, wajua kwamba Apple II ya mwaka 1977 ilipewa rangi na sauti kwa sababu fundi wake alitaka gemu? Steve Wozniak aliwahi kuiundia kampuni ya Atari mitambo ya Breakout, mchezo wa kubomoa ukuta wa matofali kwa mpira. Akaazimia kwamba kompyuta yake mwenyewe iuchezeshe mchezo huo kwa programu tu. Mpira ukigonga tofali, usikike. Ndiyo maana akaweka spika.

Mwaka 1979, Dan Bricklin na Bob Frankston wakatoa VisiCalc kwa mashine hiyohiyo ya gemu. Ukibadilisha tarakimu moja, jumla zote zinazoitegemea zinajirekebisha. Hesabu zilizokula siku nzima kwa penseli na kifutio zikaisha papo hapo, na wafanyabiashara wakanunua Apple II kwa ajili ya programu hiyo moja.

Je, wajua kwamba IBM PC ya 1981, iliyolenga maofisi, mfumo wake wa PC DOS ulikuja na mchezo wa gari linalokwepa punda? Aliuandika Bill Gates akishirikiana na Neil Konzen.

Je, wajua kuhusu BBC Micro, kompyuta iliyojaa katika shule za Uingereza? Mwaka 1984 vijana wawili wa Cambridge, David Braben na Ian Bell, waliingiza humo Elite, gemu lenye nyota 2,048, ndani ya kumbukumbu ya kilobaiti 32! Orodha ya nyota haikuhifadhiwa popote. Kila nyota ilikokotolewa upya ilipohitajika. Kwa BBC Micro hiyohiyo, Sophie Wilson aliujaribu muundo wa chipu ya ARM kabla chipu yenyewe haijaundwa mwaka 1985. Leo vizazi vya chipu hiyo vimo katika karibu kila simu janja.

Na mchezo wa karata wa Windows 3.0, mwaka 1990? Uliwazoesha watu kuburuta vitu kwa kipanya.

Na mwaka 2012, Alex Krizhevsky aliifundisha kompyuta kutambua picha kwa kadi mbili za michoro za kuchezea gemu, chumbani kwake nyumbani kwa wazazi. Akili bandia ya leo inadaiwa na chumba kile.

Mzazi mwenzangu, mwanao akicheza gemu, usikimbilie kuizima kompyuta. Keti naye, umuulize: mpira unajuaje kwamba umegonga tofali?