Uvira: «Unalala saa ngapi?», swali dogo linaloweza kupotosha matibabu

Mgonjwa anafika kwenye kituo cha afya mjini Uvira na kusema kwamba hapati usingizi. Hana homa, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha mtu amelala vipi. Mashine zinazofuata ubongo na pumzi usiku kucha ni za bei kali, na hazipatikani katika vituo vya kawaida. Njia inayobaki ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe.

Ndiyo maana waganga wa nchi nyingi wanatumia karatasi ya maswali. Moja inayojulikana sana ilitolewa mwaka 1989 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Ina maswali 19 juu ya mwezi uliopita: saa ya kupanda kitandani, dakika za kungoja usingizi, joto, maumivu, ndoto mbaya, dawa za usingizi. Majibu yanahesabiwa kutoka alama 0 hadi 21. Anayepita 5 anahesabiwa kuwa na usingizi mbaya. Karatasi hiyo haihitaji umeme wala mashine. Lakini alama yake ina faida tu kama swali limeeleweka.

Tatizo la kwanza ni saa. Tuchukue mfano wa mama anayejibu: «Ninalala saa tatu, ninaamka à cinq heures.» Saa tatu ya usiku ni 21h00, kwa hiyo amelala saa nane. Muuguzi akiandika 3h00, karatasi itaonyesha saa mbili tu. Mama huyo anaweza kurudi nyumbani na dawa za usingizi asizozihitaji.

La pili ni neno lenyewe. Kwetu, «kulala» ni kujinyoosha kitandani, na pia ni kushikwa na usingizi. Mtu aliyelala chini saa tatu, akageuka-geuka mpaka saa saba, atasema kweli kwamba alilala saa tatu. Ni vizuri kuuliza mara mbili: «Ulipanda kitandani saa ngapi? Usingizi ulikushika saa ngapi?»

La tatu ni kazi za ziwa. Karatasi inauliza juu ya usiku wa kawaida. Lakini mvuvi wa ndagala anatoka Kalundu jioni na taa zake, na kurudi asubuhi. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haivuti samaki vizuri, naye anabaki nyumbani. Mwezi wake una usiku za aina mbili, na usingizi wake mwingi ni wa mchana. Akijibu kama karatasi inavyotaka, ataonekana mgonjwa hata kama ni mzima.

Tena, alama haisemi sababu. Uvira, mafuriko ya Aprili 2020 yalibeba watu na nyumba, na milio ya silaha imesikika mara nyingi. Anayeshtuka kila mvua inapopiga mabati anahitaji kusikilizwa kuliko kupewa kidonge. Mwingine anakoroma na pumzi yake inakatika usiku, lakini yeye mwenyewe hajui. Hapo ni mke, mume au ndugu wanaolala chumba kimoja ndio wanaoweza kusema, na dawa ya usingizi inaweza hata kumzidishia hatari.

Ukiulizwa maswali hayo, sema saa pamoja na «asubuhi» au «usiku». Eleza kazi yako, na dawa au pombe unayotumia ili ulale. Kama hujaelewa swali, omba lirudiliwe. Kwa siku saba, andika kila asubuhi saa uliyopanda kitandani, saa uliyoamka na kilichokuamsha, kisha mpelekee muuguzi. Daftari la mwanafunzi linatosha.