Kumpa jirani mbegu si kosa tena, lakini nani atazuia mbegu bandia?

Pwani haijitoshelezi kwa mahindi. Sima yetu hutegemea sana mashamba ya bara. Kwa hivyo sheria inayomgusa mkulima wa Kitale au Bungoma hufika hadi sufuriani mwetu.

Kitale ndiko makao ya kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa 1956, na ndiko watafiti walikotoa mahindi chotara ya H611 mwaka 1964. Chotara huzaa sana yakipata mvua na mbolea. Lakini ukipanda tena punje zake, mavuno hushuka, hivyo kila mwaka mkulima hurudi dukani. Mbegu ya kienyeji kwa kawaida huzaa kidogo, ila huchaguliwa, huwekwa na hupandwa tena bila gharama.

Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, baada ya marekebisho ya 2012, ilimzuia mkulima kuuza, kubadilishana au kugawa mbegu ambazo hazijaidhinishwa. Adhabu ilikuwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1.

Hoja ya serikali haikuwa ya bure. Mkulima wa Bungoma aliyeuziwa pakiti bandia hulijua hilo mvua ikishapita, na msimu haurudi. Ukaguzi wa KEPHIS ni kinga yake. Kasoro ni kwamba mama aliyempa jirani kibaba cha mbegu aliwekwa kapu moja na tapeli.

Mwaka 2022 wakulima 15 walikwenda mahakamani. Novemba 2025, Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Sasa mkulima ana uhuru, lakini uhuru huo hauondoi mbegu mbovu sokoni. Tukilegeza kila kitu, tapeli atafaidi. Tukikaza kila kitu, mbegu za kienyeji zitapotea, na pamoja nazo kinga ya mkulima asiye na pesa za duka.

Tanzania ina njia ya kati: mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo wakulima waliofunzwa huzalisha kwa ukaguzi mwepesi na kuuza katika eneo lao. Bunge letu likiiga hilo, atafaidika mkulima wa Bungoma, na wa Kilifi anayetunza mahindi ya mdzihana pia.