Kumlaza Mtoto Mchanga: Maana Mbili za Mgongo katika Kiswahili cha Butembo na Beni

Utangulizi

Miongoni mwa maagizo anayopewa mama aliyejifungua, liko moja fupi ambalo laweza kuokoa maisha: mtoto mchanga alazwe akilalia mgongo wake, wala si tumbo lake. Katika Kiswahili kinachosemwa Butembo na Beni, agizo hilo laweza kutamkwa hivi: Mulalishe mutoto ku mugongo. Sentensi hiyo haina kosa la kisarufi katika usemi wa mahali, na maneno yake yote yanajulikana hata kwa asiyepata kukaa darasani. Pamoja na hayo, ina maana mbili. Yaweza kumaanisha kwamba mtoto alale akiwa amelalia mgongo wake mwenyewe. Yaweza pia kumaanisha kwamba mtoto abembelezwe hadi apate usingizi akiwa amefungwa mgongoni mwa mama. Maana ya kwanza ndiyo anayoikusudia muuguzi. Maana ya pili ndiyo inayolingana na desturi ya nyumbani.

Makala haya yanadhamiria kueleza utata huo unatoka wapi, unagusa nini katika usingizi wa mtoto mchanga, na unaweza kuondolewa kwa maneno gani.

1. Kulala, kulaza na kulalisha

Chanzo cha kwanza cha utata ni kitenzi chenyewe. Kulala ni kujinyoosha mahali, na pia ni kuwa usingizini. Ndiyo maana msemaji aweza kusema, bila ya kujipinga, kwamba mgonjwa amelala tangu asubuhi lakini hajapata usingizi. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya mafunzo ya wauguzi nchini Kongo, hutenga mambo hayo kwa vitenzi mbalimbali: coucher ni kumlaza mtu mahali, endormir ni kumtia usingizi. Kiswahili sanifu kina kulaza, na Kiswahili cha Kongo hutumia zaidi kulalisha, kwa kiambishi kilekile cha kusababisha kinachoonekana katika kufundisha na kurudisha. Maumbo yote mawili hurithi maana zote mbili za kulala. Kwa hiyo mama anayeambiwa amlaze mtoto kitandani hana budi kujiamulia mwenyewe: amweke tu, au amtie usingizi kwanza?

Kando ya kulaza kipo kikundi cha vitenzi vya kutuliza: kubembeleza, kutumbuiza, kuongoa, kupakata. Kubembeleza ni kutuliza kwa maneno laini na kwa mwendo. Kutumbuiza ni kutuliza kwa wimbo, na nyimbo za namna hiyo wanafasihi huziita bembelezi. Kuongoa ni kumnyamazisha mtoto anayelia. Kupakata ni kumweka mapajani au mikononi. La kuzingatia ni kwamba vitenzi hivi vyote vinadai mtu aliye karibu: sauti yake, mikono yake au mapaja yake. Katika msamiati huu mtoto hapati usingizi peke yake. Hupewa usingizi na mtu mwingine.

2. Mahali pa kulalia

Majina ya mahali na vifaa yanathibitisha jambo hilo. Kiswahili sanifu kina neno mbeleko, yaani nguo ya kumbebea mtoto, ambalo limetokana na kitenzi kubeleka au kueleka. Kazi hiyo Butembo na Beni hufanywa na kitenge. Pwani lilikuwako pia neno susu kwa kitanda kidogo cha mtoto kinachoning'inizwa. Bara, kitanda chenye kingo kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto peke yake kimeingia pamoja na jina lake la Kifaransa, berceau, au huelezwa tu kuwa ni kitanda cha mtoto. Nguo ya kubebea ina jina la kienyeji na kitenzi chake. Kitanda cha mtoto kina jina la kukopa au maelezo. Tofauti hii si upungufu wa lugha. Yaonyesha tu kwamba mahali pa asili pa usingizi wa mtoto, mchana, ni mwili wa mlezi.

3. Mgongo wa nani?

Chanzo cha pili cha utata ni namna lugha za Kibantu zinavyotaja viungo vya mwili. Mara nyingi mwenye kiungo hatajwi, kwa sababu anafahamika kutokana na kiima: ameumia mguu, amefunga macho, amelala ubavu. Hapana anayeuliza ni mguu wa nani. Lakini kitenzi kinapokuwa cha kusababisha, washiriki huwa wawili: mama anayelaza na mtoto anayelazwa. Wote wawili wana mgongo, na sarufi haichagui.

Kiambishi cha mahali nacho hakisaidii. Kiswahili sanifu husema mgongoni. Kiswahili cha Kongo hutanguliza ku au mu, kama vile Kinande kinavyotanguliza oko na omo. Mgongoni na ku mugongo vyote viwili hutaja mahali bila ya kutaja mwenye mahali. Hapo ndipo mazoea yanapoamua. Kwa kuwa usemi wa kumbeba mtoto ku mugongo husikika kila siku njiani, sokoni na shambani, sikio hulipokea agizo la muuguzi kana kwamba ni usemi uleule.

Matokeo yake ni mazito kuliko yanavyoonekana. Mama aliyelielewa agizo kwa maana ya pili hakukataa ushauri. Ameukubali, na anaona kwamba ameutekeleza kila siku. Ushauri umesikika, umepokewa, wala haukubadilisha kitu. Usiku unapofika na mtoto anawekwa kitandani, hakuna neno lolote lililomfikia mama kuhusu namna ya kumweka.

Tena uko ushawishi wa mwili wenyewe. Mtoto aliyebebwa mgongoni hulalia tumbo lake, kifua chake kikigusa mgongo wa mama. Kitenge kinapofunguliwa na mtoto akaondolewa kwa uangalifu ili asiamke, njia rahisi ni kumshusha katika mkao uleule, yaani kifudifudi. Mkao huo ndio unaokatazwa.

4. Yanayojulikana kuhusu usingizi wa mtoto mchanga

Mtoto mchanga hulala kwa jumla saa 14 hadi 17 katika mchana na usiku, lakini kwa vipande vya saa mbili hadi nne, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na hunyonya mara 8 hadi 12. Karibu nusu ya usingizi wake ni mwepesi: macho huchezacheza chini ya kope, midomo hunyonya, viungo hushtuka. Hana bado mpangilio wa mchana na usiku. Huo huanza kujijenga katika miezi miwili au mitatu ya mwanzo. Butembo na Beni, zilizo karibu kabisa na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, nayo ni hali njema: mwanga na mazungumzo mchana, giza na utulivu usiku, humfundisha mtoto pole pole.

Kuhusu mkao, ushahidi ni wa wazi. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani ikafuata mwaka 1994. Katika nchi zote mbili vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua sana. Uingereza vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache.

Wazazi na nyanya wengi huogopa kwamba mtoto aliyelala chali atasongwa na maziwa anayocheua. Hofu hiyo inastahili kujibiwa, si kudharauliwa. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa huwa juu ya umio. Maziwa yanayorudi huteremka tena kuelekea umio. Akiwa kifudifudi, njia ya hewa ndiyo huwa chini, na maziwa huielekea kwa urahisi zaidi. Kumlaza ubavu nako hakutoshi, kwa kuwa mtoto hugeuka kirahisi akaangukia tumbo.

Wala sayansi haikuubeza mgongo wa mama. Huko Bogotá, nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alianzisha mwaka 1978 utaratibu wa kuwaweka watoto waliozaliwa kabla ya wakati kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba utaratibu huo uanze mara tu baada ya kuzaliwa. Mwaka huohuo wa 2022, Kumiko Kuroda na wenzake wa taasisi ya RIKEN, Japani, walionyesha kwamba mtoto anayelia akibebwa na mlezi anayetembea kwa dakika tano hutulia na mara nyingi husinzia. Walionyesha pia kwamba kinachomwamsha wakati wa kuwekwa kitandani si godoro, bali ni kule kuanza kutengana na mwili wa mlezi. Mlezi akikaa kitako na mtoto kwa dakika nyingine tano hadi nane kabla ya kumweka, usingizi huwa umekaza. Kile ambacho lugha ilikuwa imekihifadhi katika vitenzi vyake, maabara imekipima kwa dakika.

5. Kutoka mgongo hadi mgongo

Kwa hiyo hapana haja ya kumlazimisha mama achague kati ya kitenge na kitanda. Kinachohitajika ni kuunganisha vitu hivyo kwa utaratibu. Mtoto abebwe na kutembezwa hadi atulie. Katika majuma ya mwanzo, kabla shingo haijakaza, yafaa abebwe kifuani au mikononi, pua na mdomo vikiwa wazi. Aliyekuwa mgongoni azungushwe kwanza mbele, mama akae, ampakate kwa dakika chache. Kisha ateremshwe taratibu: matako yatangulie kugusa godoro, mgongo ufuate, kichwa kiwe cha mwisho. Mtoto akiteremshwa ghafla huhisi kwamba anaanguka, akatupa mikono na kuamka. Baada ya kuwekwa, mkono wa mama ubaki kifuani pake kwa muda mfupi, ndipo uondolewe. Akishtuka bila ya kulia, aachwe kidogo. Aweza kurudi usingizini mwenyewe.

Kitanda kiwe na godoro gumu lililo sawa, bila ya mto wala nguo laini karibu na uso, na kiwe chumba kimoja na mama. Mtu mzima aliyekunywa kileo asilale kitanda kimoja na mtoto.

Miji hii miwili, iliyotengana kwa kilomita zipatazo 50, haina hali ya hewa moja. Butembo iko juu sana, zaidi ya mita 1,700, na usiku wake ni wa baridi. Humo hatari ni kumlundikia mtoto blanketi hadi usoni, au kuwasha mbabula ya makaa katika chumba kilichofungwa. Hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu na huua waliolala. Nguo za mtoto ziongezwe tabaka moja, kichwa na uso vibaki wazi, na mbabula ikae nje. Beni iko chini zaidi na ina joto. Humo jambo la kwanza ni chandarua kilichotiwa dawa, kikifungwa vizuri pande zote za kitanda, na nguo ziwe nyepesi.

6. Maneno yanayofaa

Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 uliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika maeneo ya Beni na Butembo. Uliacha pia somo kwa wanaosoma lugha: ujumbe wa afya uliotafsiriwa bila ya kupimwa kwa masikio ya wasikilizaji hauaminiki, na pengine haueleweki kabisa.

Katika suala la usingizi wa mtoto, Kiswahili sanifu kina neno chali, ambalo halina utata. Latosha katika maandishi na katika mafunzo. Katika mazungumzo ya kliniki yafaa lisiachwe peke yake. Usemi wa mahali una njia iliyo nyepesi zaidi: kuacha kutaja mgongo, na kutaja tumbo. Mulalishe mutoto mu kitanda, tumbo juu, uso juu. Sentensi hii haiwezi kumhusu mama aliyembeba mtoto, kwa sababu mtoto aliyebebwa hana tumbo juu. Ikiwa mgongo ni lazima utajwe, mwenyewe atajwe pia: ku mugongo yake mwenyewe. Na mahali pawepo: mu kitanda. Kila neno linaloongezwa linafunga mlango mmoja wa maana isiyokusudiwa.

Hitimisho

Utata uliochunguzwa hapa haukutokana na ujinga wa mama wala na udhaifu wa Kiswahili. Umetokana na kitenzi chenye washiriki wawili, kiungo kisichotajiwa mwenyewe, na desturi iliyo njema kwa mchana lakini isiyosema neno kuhusu usiku. Mwanafunzi wa isimu anayekwenda kusikiliza namna maagizo yanavyotolewa siku ya kupima watoto ana kazi rahisi na yenye manufaa: baada ya agizo, amwombe mama aonyeshe kwa kitenge kilichokunjwa namna atakavyomlaza mtoto. Mikono yake itaonyesha ni mgongo wa nani aliousikia.