Mtoto Anapouliza: Je, Watu wa Mapangoni Walikuwa Watoto wa Mungu?

Mtoto hujifunza shuleni kwamba watu wa Zama za Mawe waliishi mapangoni. Katika mafundisho ya dini husikia kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake. Ndipo huuliza: "Mama, Adamu alikaa pangoni? Wale watu walikuwa wanyama?" Tukimkemea, au tukiyabeza masomo yake, atajifunza kwamba imani huogopa maswali. Akikua, huenda akadhani kwamba hana budi kuchagua kati ya darasa na altare.

Mama Kanisa hatudai uchaguzi huo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 159) yafundisha kwamba imani na akili haziwezi kupingana kwa kweli, kwa kuwa zote zatoka kwa Mungu mmoja. Papa Pius XII, katika waraka wake Humani Generis wa mwaka 1950, aliwaruhusu wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa binadamu, huku akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Kitabu cha Mwanzo hakikuandikwa ili kutueleza nyumba ya kwanza ilijengwaje, bali kutufunulia ni nani aliyetuumba na kwa nini.

Pango lililo kisiwani mwetu

Hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Kusini-mashariki mwa Unguja, karibu na Jambiani, liko Pango la Kuumbi. Wanaakiolojia wamechimbua humo zana za mawe na za mifupa, pamoja na mabaki ya wanyama walioliwa, wakiwamo pundamilia. Yaliyo ya kale zaidi yana umri wa takribani miaka 20,000. Wakati huo kina cha bahari kilikuwa chini sana, na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Baadaye barafu za dunia ziliyeyuka, maji yakapanda, nchi ikawa kisiwa.

Watu waliojihifadhi humo walikuwa binadamu kama sisi. Waliogopa mvua na giza, wakagawana nyama, wakalala karibu na watoto wao. Mwenye zana duni si mwenye utu duni.

Namna ya kufundisha

Kwa watoto wa Mkokotoni, tuanze na yale wanayoyaona. Tuwaonyeshe nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, tukiwauliza: fito zilitoka wapi? Nani alisuka makuti? Ng'ambo ya maji, kisiwani Tumbatu, yapo magofu ya mji wa kale wa mawe. Kisha tuwasimulie habari za Kuumbi, na kuwaacha wajenge kibanda kidogo kwa vijiti na majani. Watatambua kwa mikono yao kwamba akili ya kubuni makazi ni kipaji cha Mungu, na kwamba hakuna ajengaye peke yake.

Tuwaonye pia wasimcheke mtoto mwenzao kwa sababu ya nyumba anayolala. Anayemdharau mtu wa pangoni leo, kesho atamdharau jirani wa kibanda cha makuti.

Mwisho, tuwapeleke Bethlehemu. Mtakatifu Yustino Mfiadini, katika karne ya 2, aliandika kwamba Yesu alizaliwa pangoni, na hadi leo Basilika la Kuzaliwa kwa Bwana limesimama juu ya pango linaloheshimiwa kuwa ndipo mahali hapo. Mwana wa Mungu hakuona haya kulala palipokuwa makazi ya watu wa kale na mifugo yao.

Basi mtoto akiuliza tena, tumjibu bila woga: "Ndiyo, mwanangu. Walikuwa watoto wa Mungu. Aliwajua kila mmoja, kama anavyokujua wewe."