Kazi Yangu ya Viraka

Wenzangu bwenini wameniuliza mara nyingi kwa nini kila Jumamosi alasiri, wengine wakifua na kuzungumza, mimi nakaa kitandani nikiunganisha vijitambaa vidogo kama mtu aliyekosa nguo. Baadhi yao huniita Fundi Viraka, nami sikasiriki, maana ndiyo kazi yenyewe. Mhariri wa gazeti letu ameniomba niieleze, basi nitaieleza kadiri nijuavyo. Sikufundishwa na fundi. Mengi nimejifunza kwa kuharibu.

Kazi hii ni kuchukua vipande vya nguo ambavyo peke yake havifai kitu, kuvikata sawasawa, kuviunga pamoja mpaka vikawa kitambaa kimoja kikubwa, kisha kushona kitu chenye manufaa. Waweza kushona mfuko, foronya, au blanketi la viraka lenye tabaka tatu, ambalo watu wa pwani katika Kiswahili cha zamani waliliita mfarishi. Cherehani si lazima. Mimi nina sindano mbili, uzi, mkasi mmoja, futi ya kupimia, na subana ya kukinga kidole.

Vitambaa navipata wapi? Hapa Same mafundi cherehani hukaa barazani mwa maduka, na chini ya kila cherehani pana rundo la vipande. Fundi akikata gauni la kitenge hubakiwa na ncha za makwapani na za shingoni, naye huzitupa au huzitumia kujazia mito. Ukimsalimu vizuri na kungoja amalize mshono alionao, hukupa mfuko mzima bure. Pahala pa pili ni kwenye mitumba. Shati la pamba la mwanamume lililochakaa kola huuzwa bei ndogo sana, lakini mgongo wake ungali mzima. Pahala pa tatu ni sanduku la nyumbani, na hapo ndipo penye taabu, kama nitakavyoeleza.

Kazi yangu ya kwanza mwaka huu ilikuwa mfuko wa kalamu. Nje nilitumia kaki ya sketi yangu ya zamani iliyokwisha kupasuka, na ndani kitenge. Kaki ni nzito na hustahimili ncha za bikari. Mfuko huo ninao hata leo.

Ya pili ilikuwa vishikio vya sufuria kwa mama mdogo. Nilivishona vizuri, nikavipeleka kwa majivuno, na siku ya kwanza kimoja kikanatia kwenye sufuria ya maharage. Sikujua kwamba kitambaa kimoja nilichotia kilikuwa poliesta. Vitenge vingi vya siku hizi si pamba tupu, na macho hayawezi kutofautisha. Kwa hiyo sasa kila kitambaa nisichokijua nakijaribu kwa moto: nachomoa nyuzi mbili tatu, nazishika kwa kibano nje ya bweni, nazigusisha njiti ya kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na majivu yake ni laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge cheusi kigumu. Vya kidonge sivitumii karibu na jiko.

Ya tatu ilikuwa foronya, nayo ndiyo iliyonitia haya kuliko zote. Niliunga vipande vya marekani nyeupe na kitenge chekundu, kimoja kwa kimoja, kama ubao wa drafti. Ilipendeza mno. Kila aliyepita aliisifu, mpaka nilipoifua. Marekani yote ikageuka kama uji uliotiwa ubuyu. Kazi ya wiki tatu ikaharibika katika karai moja.

Sababu ni hii. Kitambaa kipya huwa na rangi nyingine ambayo haikushikana na nyuzi. Imelala juu tu, na maji yakiigusa huondoka, ikatafuta mahali peupe pa kukaa. Tangu siku hiyo kila kitambaa kipya nakifua peke yake mpaka maji yatoke meupe. Kisha nalowesha pembe yake, naiweka juu ya kitambaa cheupe, na kuipiga pasi. Ikiacha alama, hurudi karaini. Tena kufua kwanza kuna faida nyingine: pamba hurudi, yaani hupungua, ikioshwa mara ya kwanza. Ukiunga kipya kisichofuliwa na kikuukuu kilichofuliwa miaka kumi, siku ya kufua kipya kitavuta na kazi yote itajikunja.

Hapo ndipo nilipoanza kupenda vitambaa vikuukuu kuliko vipya. Kanga kwa mfano. Dukani huwa ngumu kwa sababu ya wanga. Ikivaliwa na kufuliwa miaka mingi, wanga huisha, rangi iliyotaka kutoka imekwisha kutoka, na kitambaa kinakuwa laini, sindano hupita bila kusukumwa. Kwa mtoto mchanga hakuna kitambaa kizuri kama hicho.

Wako watu wanaosema kukata kanga ni kuiharibu. Na wakumbuke kwamba kanga yenyewe, kama inavyosimuliwa pwani, ilizaliwa kwa kuungwa. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso, vitambaa vya mraba vilivyouzwa kwa jora. Hawakukata kimoja kimoja kama desturi; walikata tatu pamoja, na tatu tena, wakashona pande zake ndefu, ikawa nguo moja ya leso sita. Baadaye wafanyabiashara wakaona heri wachapishe nguo nzima. Ndiyo maana mpaka leo watu wa Mombasa huiita kanga leso, na neno hilo lenyewe limetoka katika Kireno. Marekani nayo ina historia yake: ilipata jina kwa sababu wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, waliileta Unguja kwa merikebu katika karne hiyohiyo.

Sasa nije kwenye kazi kubwa. Mwezi wa Aprili dada yangu, aliyeolewa huko Mbaga, aliniletea habari kwamba ana mimba. Wasomaji walio wageni huenda hudhani Upare wote ni kama hapa Same, vumbi na mkonge na jua. Lakini mlimani sivyo. Mbaga iko juu, na mlima Shengena, mkubwa kuliko yote ya Upare, una urefu wa meta 2,462. Miezi ya Juni na Julai ukungu hukaa mpaka saa nne, na nguo hukaa kambani siku mbili bila kukauka. Mtoto atakayezaliwa wakati huo anahitaji kitu kizito. Basi nikaamua kumshonea mfarishi.

Hesabu yake ni rahisi. Nilitaka upana wa sentimeta 90 na urefu wa sentimeta 120, kwa miraba ya sentimeta 15: sita kwa nane, yaani vipande 48. Lakini usikate sentimeta 15, maana mshono hula sentimeta moja kila upande. Kata 17. Kata kipimo kimoja cha karatasi ngumu, ukitumie hichohicho tangu mwanzo hadi mwisho. Ukipima kipande kipya kwa kipande kilichotangulia, kosa dogo la kwanza litakuwa kubwa kwenye cha ishirini. Tena fuata nyuzi. Kitambaa kina nyuzi za urefu, ndizo mtande, na za upana. Kikivutwa kwa urefu au kwa upana hakinyooki sana, lakini kikivutwa mshazari hunyooka kama mpira. Vipande vya fundi mara nyingi vimekatwa mshazari, na mtu akivichukua kama vilivyo, mraba wake utakuwa na pembe za ajabu.

Likizo ya Juni nilipanda mlimani kwa bibi nikiwa na vipande 39. Tisa vilipungua. Nilijua vilipo, ila sikuthubutu kusema.

Mama yetu alifariki nilipokuwa darasa la sita. Nguo zake ziligawanywa, isipokuwa doti moja ya kanga ambayo bibi aliitia katika sanduku lake la bati. Haikuvaliwa na mtu tena. Siku ya tatu nikasema, "Bibi, naomba kanga ya mama, nimtilie mtoto." Bibi hakunijibu. Akaendelea kuchambua maharage. Baadaye sana akasema, "Kanga ikikatwa imekwisha, mjukuu wangu. Hiyo ndiyo iliyobaki." Nami nikanyamaza, maana alisema kweli, na tena ni mkubwa wangu.

Jioni alikwenda mwenyewe kwenye sanduku. Nadhani alitaka kuitazama tu. Akaitoa kanga moja, akaikunjua mlangoni kwenye mwanga, na sote wawili tukaona mistari. Mahali palipokunjwa, msalaba wa mikunjo minne, nyuzi zilikuwa zimeanza kukatika zenyewe, na mwanga ulipita. Nguo ya pamba ikikaa imekunjwa mahali pamoja miaka mingi hufa kwenye mkunjo. Haikuguswa na panya wala nondo. Iliharibiwa na kutunzwa. Bibi alipitisha kidole juu ya mstari, na kidole kikatoboa.

Tulikaa kitambo. Kisha akaniambia nilete mkasi wangu, akaniuliza kama unakata vizuri.

Vipande tisa nilivikata katikati ya mikunjo, mahali palipokuwa pazima. Kanga ya kawaida ina karibu sentimeta 150 kwa 110, kwa hiyo nafasi ilitosha. Kwa kuwa kitambaa kilikuwa chembamba kwa uzee, kila kipande nilikitia bitana ya mgongo wa shati la mtumba, nikashona viwili kama kimoja. Jina la kanga sikulikata. Nililishona zima upande wa chini wa mfarishi, lisomwe na atakayeugeuza. Maneno yake sitayaandika hapa. Mama aliyachagua kwa sababu zake.

Kuunganisha kwenyewe kulikwenda upesi kwa sababu bibi alinisaidia, na mishono yake ni midogo kuliko yangu ingawa macho yake si mazuri. Shona miraba sita iwe ukanda, kisha unga kanda nane. Katikati tulitia blanketi kuukuu. Wako wanaotia sufi, lakini sufi hujikusanya pembeni baada ya kufuliwa na kuacha katikati mtupu. Chini tuliweka shuka la pamba. Tabaka zote tatu lazima zipigwe bandi kwanza kwa mishono mirefu, kuanzia katikati kwenda nje, ili mikunjo isukumwe pembeni. Ukianza pembeni, mikunjo itakutana katikati na hutakuwa na pa kuipeleka. Baada ya hapo tukashona mishono midogo kufuata kila mraba, ndipo nikaondoa bandi. Siku kumi na saba ilichukua, pamoja na siku mbili za kubishana kama pindo liwe la kaki au la kanga. Likawa la kaki.

Niliporudi shuleni nilimsimulia mwalimu wetu mmoja, naye akanionyesha picha ambazo zilinistaajabisha. Huko Gee's Bend, Alabama, Marekani, wanawake weusi wameshona mifarishi ya nguo kuukuu za shamba kwa vizazi vingi, na mwaka 2002 mifarishi yao iliwekwa katika maonyesho makubwa mjini Houston kama michoro ya thamani. Mmojawapo ulishonwa mwaka 1942 na Bi Missouri Pettway. Mumewe alikuwa amefariki, akachukua nguo zake za kazi, akaziunga, akajifunika. Katika picha unaona mahali palipokuwa na mifuko ya suruali, pamebaki peusi pasipopigwa na jua. Na huko India, katika jimbo la Karnataka, wako Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Wao huanza ukingoni na kuzunguka mpaka katikati, kinyume kabisa cha nilivyoeleza hapo juu, na kazi yao haina hata mkunjo mmoja. Kwa hiyo msomaji asichukue maneno yangu kuwa sheria. Wao huweka kipande kimoja kimoja juu ya kitambaa cha chini na kukishona papo hapo, ndiyo maana wanaweza. Nitajaribu siku moja, kwa kitu kidogo.

Mtoto alizaliwa Julai, ni wa kike. Dada ameleta habari kwamba mfarishi umekwisha kufuliwa mara nyingi, kama ujuavyo mambo ya watoto, na rangi hazikutoka. Ameuliza pia ni nani aliyeshona mstari wa pembeni kwa uzi wa buluu, maana umepinda. Ni mimi, usiku, taa ilipokuwa hafifu.

Sasa sindano zimo kabatini kwa sababu ya mtihani wa Novemba. Bibi ameniagiza nikimaliza nipande mlimani na mkasi ulionolewa. Kanga ya pili ya ile doti ameitoa sandukuni. Hakuikunja tena, ameiviringisha juu ya mpini wa jembe kuukuu, akaifunga shuka, na kuilaza juu ya kabati.