Vita vya Zama Juu ya Meza

Juu ya meza kumetandikwa kitambaa chenye rangi ya majani makavu. Juu yake kuna vilima viwili vya mbao. Upande huu wamesimama askari wa Roma. Upande ule wamesimama askari wa Kartago pamoja na tembo wao. Lakini askari hao hawapumui. Ni sanamu ndogo za risasi na bati, na urefu wa mtu mmoja haufiki hata sentimita mbili. Watu wawili wameketi wakitazamana, meza ikiwa katikati yao. Wako Uingereza, na ni marafiki tangu siku nyingi. Jioni hii watapigana.

1. Mchezo huu ulitoka wapi

Katika mwaka 1824, katika nchi ya Prussia huko Ulaya, ofisa mmoja jina lake von Reisswitz alitoa kitabu cha kanuni za kupigana vita juu ya ramani. Maofisa wa jeshi walijifunza humo namna ya kuongoza askari. Kwao haukuwa mchezo, ulikuwa masomo.

Katika mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu kiitwacho Little Wars. Yeye alicheza na askari wa watoto na mizinga midogo iliyotupa vipande vya mti. Hivyo vita vya mezani vikawa mchezo wa nyumbani.

Baadaye watu waliopenda habari za Waroma na Wagiriki walisema: «Zamani hapakuwa na mizinga. Watu walipigana kwa mkuki, upanga, upinde na kombeo. Yafaa tuwe na kanuni zetu.» Katika mwaka 1965 chama chao, Society of Ancients, kilianzishwa Uingereza. Katika mwaka 1990 kikatoka kitabu chembamba chenye jina la Kilatini, De Bellis Antiquitatis, maana yake «Juu ya vita vya zamani». Phil Barker ni mmoja wa waliokitunga. Marafiki wetu wawili wanafuata kanuni za kitabu hicho.

2. Vita vyenyewe vilikuwaje

Marafiki hao wamechagua vita vya Zama. Vita hivyo vilipiganwa katika Afrika ya Kaskazini, katika nchi inayoitwa leo Tunisia, mwaka 202 mbele ya kuzaliwa Kristu.

Hannibali wa Kartago alikuwa jemadari hodari sana. Mwaka 218 alivuka milima ya Alpi, yenye theluji, pamoja na tembo wake, akawashinda Waroma mara nyingi katika nchi yao wenyewe. Kisha Waroma wakamtuma Scipio avuke bahari na kuishambulia Kartago. Hannibali akaitwa arudi kuiokoa nchi yake.

Huko Zama Hannibali aliweka tembo 80 mbele ya jeshi lake. Nyuma yao alipanga askari wa miguu safu tatu. Scipio alifahamu hatari ya tembo. Kwa hiyo aliacha njia wazi katikati ya vikosi vyake. Waroma wakapiga tarumbeta kwa nguvu. Tembo wengine walishtuka, wakarudi nyuma na kuwavuruga watu wao wenyewe. Wengine wakapita katika zile njia bila kuvunja safu. Kisha Masinisa, mkuu wa Wanumidia, ambao ni watu wa Afrika waliojua sana farasi, aliwafukuza wapanda farasi wa Kartago pamoja na Laelius wa Roma. Askari wa miguu walipokuwa bado wanapigana, wapanda farasi hao walirudi na kumpiga Hannibali kwa nyuma. Ndipo Kartago iliposhindwa.

Mwandishi wa zamani Polybius anasema kwamba watu zaidi ya 20,000 wa Kartago walikufa siku ile, na Waroma zaidi ya 1,500.

3. Kanuni za mchezo

Kila mchezaji ana vikosi kumi na viwili. Kikosi ni kibao chembamba ambacho sanamu zimebandikwa juu yake. Sanamu nne za watu wenye ngao kubwa ni kikosi kimoja. Tembo mmoja tu ni kikosi kizima. Roma ina vikosi sita vya panga, viwili vya mikuki, viwili vya wapesi na viwili vya farasi. Kartago ina vikosi saba vya miguu, vitatu vya farasi na viwili vya tembo.

Wanacheza kwa zamu. Mwenye zamu hutupa dadu, yaani kijiwe chenye pande sita na alama za moja mpaka sita. Akipata tano, anaweza kutoa amri tano. Akipata moja, amri ni moja tu. Kikosi kimoja kinakula amri moja, lakini vikosi vilivyoshikamana katika safu moja vinatembea pamoja kwa amri moja. Kwa hiyo jemadari mwenye akili hawatawanyi watu wake ovyo. Hatua zinapimwa kwa kipimo, na farasi wanakwenda mbali kuliko watu wa miguu.

Vikosi viwili vikigusana, vinapigana kwa hesabu. Kila aina ina nguvu zake. Wenye panga wakipigana na watu wa miguu wana 5. Wenye mikuki wana 4. Kila mchezaji hutupa dadu na kuongeza alama zake.

Tazama mfano. Wa panga anapata 2: 5 na 2 ni 7. Wa mikuki anapata 4: 4 na 4 ni 8. Saba ni chini ya nane, basi wa panga wanarudi nyuma. Tazama mfano mwingine. Wa mikuki anapata 1: 4 na 1 ni 5. Wa panga anapata 6: 5 na 6 ni 11. Kumi na moja ni zaidi ya mara mbili ya tano, basi wa mikuki wameangamia, na kikosi chao kinaondolewa mezani.

Adui akikushika ubavuni, unapunguziwa nguvu 1. Tena, ukisukumwa nyuma huku adui yuko ubavuni, huna pa kwenda: umeangamia. Anayetangulia kupoteza vikosi vinne, naye amepoteza zaidi kuliko mwenzake, ameshindwa.

4. Jioni ile

Kabla ya kuanza, marafiki wawili wanapatana neno moja: dadu likianguka chini halihesabiwi, litatupwa tena.

Wa Kartago anaanza. Anapata tano. Anapeleka tembo mbele, na farasi kulia na kushoto. Wa Roma anatupa, naye anapata moja tu! Anataka kusogeza farasi, anataka kusogeza askari wa miguu, lakini amri ni moja. Anachagua safu ndefu ya panga, na farasi wake wanabaki bila amri. Mara wapanda farasi wa Kartago wanakiangamiza kikosi kimoja chao.

Sasa tembo wanafika. Wa kwanza anavunja kikosi cha panga. Wa pili anapigana na kikosi kingine, na hesabu yake inakuwa ndogo. Anarudi nyuma. Lakini nyuma yake wamesimama watu wa mikuki wa Kartago, karibu mno. Kanuni ni kali: tembo anawaponda watu wake mwenyewe. Wa Kartago anakiondoa kikosi chake akitikisa kichwa. Yaliyompata Hannibali yamempata naye, na alikuwa ameyasoma.

Mchezo unaendelea. Kikosi huku, kikosi kule. Haijapita saa moja, na kila mmoja amepoteza vikosi vitatu. Atakayepoteza cha nne ameshindwa.

Kikosi cha mwisho cha farasi wa Roma kimezunguka kilima na kushika ubavu wa watu wa mikuki. Mbele yao kuna kikosi cha panga. Wa Roma anatupa: 2. Nguvu 5 na 2 ni 7. Wa mikuki wana 4, lakini kwa sababu ya ubavu wanabaki na 3. Wa Kartago akipata 5 au 6 ataokoka, na pengine atashinda. Anatupa kwa nguvu. Dadu linaruka, linapiga kilima, linaanguka chini ya meza.

Anainama peke yake. Mwenzake haoni kitu. Chini pale, dadu linaonyesha sita. Na dadu limeegemea mguu wa meza, angeweza kusema, «Halikufika chini.» Anaokota, anainuka.

«Lilikuwa ngapi?» mwenzake anauliza.

«Lilikuwa sita. Lakini lilianguka chini.»

Anatupa tena. Tatu. 3 na 3 ni 6. Sita ni chini ya saba; wa mikuki wanatakiwa kurudi nyuma, na ubavuni wako farasi. Kikosi cha nne kimetoka. Kartago imeshindwa mara ya pili.

Wa Roma hapigi makofi. Anampa mwenzake mkono na kusema: «Rafiki, tembo wako walinitia hofu. Juma lijalo tubadilishane: wewe uwe Scipio.»

5. Faida ya mchezo

Mchezo huu unafundisha hesabu, maana kila zamu ni kujumlisha na kulinganisha. Unafundisha mambo ya kale, maana mchezaji husoma kwanza ngao ilikuwa ya namna gani na jeshi lilipangwaje, kisha hupaka sanamu rangi kwa brashi nyembamba. Unafundisha kufikiri kabla ya kutenda, na kuvumilia dadu likikataa. Zaidi ya hayo unampima mtu: je, anashika neno lake hata likimletea hasara, hata asipoonwa?

Kisha askari wote wa Roma na wa Kartago wanarudi katika sanduku lao, kila mmoja mahali pake, na juma lijalo watasimama tena. Wale watu zaidi ya 20,000 wa Zama hawakusimama tena. Ndiyo maana vita vyafaa kwa sanamu tu.

Maulizo

1. Vita vya Zama vilipiganwa mwaka gani? Katika nchi gani ya leo?
2. Kwa nini Scipio aliacha njia wazi katikati ya vikosi vyake?
3. Wenye panga wanapata 3, wenye mikuki wanapata 6. Fanya hesabu: nani anarudi nyuma?
4. Mchezaji wa Kartago alikosea nini alipopanga tembo wake?
5. Wewe ungejibu nini ulipoulizwa, «Lilikuwa ngapi?»